Lamu mpaka Kiwayu kwa tanga: mwongozo kamili wa safari ya siku tano

Wageni wengi wakifika Lamu hupanda mashua jioni masaa mawili, wanazunguka mbele ya Shela, jua linazama, picha mbili tatu alafu wanarudi hoteli. Sawa tu, hakuna ubaya. Lakini kuna safari nyingine ambayo watu wa bara hata hawaijui, ya kulala chomboni siku kadhaa, mnatoka Lamu mjini mnapita mfereji wa Mkanda, mnaingia ghuba ya Manda, mnafuata mlango wa bahari kati ya kisiwa cha Pate na bara, mpaka Kiwayu huko juu, kama kilomita 50 hivi kutoka Lamu. Sehemu kubwa ya njia iko ndani ya visiwa kwa hivo mawimbi si makali, hata mtu asiyejua kuogelea vizuri anaweza kwenda mradi avae jaketi lake okozi.

Nimeandika hatua kwa hatua manake maswali ni yaleyale kila mwaka, na karibu yote yanarudi kwenye kitu kimoja: tarehe. Watu wanachagua siku kwa likizo ya ofisi alafu wanashangaa kwa nini wameamshwa saa tisa usiku, au kwa nini wamekaa kwenye tope masaa sita wakiangalia kaa wakipita.

Hatua ya 1: Chagua msimu, kisha chagua mwezi wa angani

Upepo kwanza. Kaskazi inavuma kuanzia kama Desemba mpaka Machi, kusi kuanzia Aprili mpaka Septemba hivi, na katikati hapo Oktoba na Novemba kuna kipindi cha upepo mlaini. Kiwayu iko kaskazini mashariki ya Lamu. Maana yake ukienda wakati wa kaskazi unaenda bisho, upepo unakuja usoni, mnakata kwenda na kurudi, mnapindua tanga kila mara, safari ya kwenda inakula siku mbili na ya kurudi mnateleza tu. Wakati wa kusi ni kinyume chake, unaenda mbio na kurudi ndio kazi.

Mimi ningekwambia nenda mwisho wa Februari au Machi mwanzoni. Kaskazi imeshaanza kuchoka, maji ni meupe, unaona matumbawe chini vizuri, mvua haijafika. Januari pia nzuri ila mchana upepo una nguvu sana, ukipenda mbio utafurahi, ukiwa na mama mzee chomboni hatafurahi. Aprili na Mei sahau, ni masika. Juni na Julai kusi imekasirika na maji yamechafuka, kuogelea na miwani huoni kitu. Oktoba ni ya watu wasiopenda kusukwasukwa, ila ujue siku nyingine upepo unakufa kabisa na mtasikia mashini ikinguruma kutwa nzima, sasa hapo ungepanda tu boti ya abiria.

Haya, sasa maji. Hapa ndipo penyewe. Ukitoka Lamu kwenda upande wa Pate unapita Mkanda, ule mfereji mwembamba kati ya Manda na bara, mikoko huku na huku. Maji yakipwa chombo chenye mkuku wa maana, ule mti wa chini kabisa, hakipiti, basi. Kwa hivo unatoka maji yakiwa yanajaa au yamejaa, na saa ya maji kujaa inategemea mwezi. Pwani yetu hii siku za bamvua, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi na kitu alfajiri na tena saa kumi na kitu jioni, na saa nne asubuhi yamepwa kabisa. Siku za maji mafu, yaani mwezi ukiwa nusu, ni kinyume, yanajaa saa nne tano asubuhi lakini hayajai sana. Kila siku inasogea mbele kama dakika 50.

Sasa piga hesabu mwenyewe. Ukitoka siku ya mwezi mpevu kamili, mnapita Mkanda gizani au mnasubiri jioni. Ukitoka siku tatu nne baadae, maji yanajaa kama saa moja asubuhi, kumekucha, mmeshakunywa chai, na bado maji ni mengi. Kwa kalenda ya Kiislamu ambayo ndio mabaharia wa Lamu wanaitumia kwa haya mambo, hiyo ni tarehe 3 au 4, ama 17 au 18. Na uzuri wake mwingine ni kwamba siku tano baadae mnaporudi, maji yanajaa Mkanda kama saa nne saa tano asubuhi, mnaingia Lamu kabla ya chakula cha mchana. Kati ya tarehe 4 na 18 chagua unachopenda usiku. Ukienda tarehe 4 mwezi ni mwembamba na unazama mapema, nyota zote zinatoka na maji yanametameta ukitia mkono. Ukienda tarehe 18 unapata mwezi mkubwa unaochomoza usiku, mnakula mkionana nyuso.

Ramadhani angalia pia. Mabaharia karibu wote wamefunga, wengine wanaenda safari wengine hawaendi, na si uungwana kumfanya mtu akupikie mchana kutwa kwenye jua na yeye hajanywa maji. Ahirisha.

Hatua ya 2: Usalama, na hili usiliruke

Nitasema wazi. Mwaka 2011 kulikuwa na utekaji wa wageni Kiwayu na Manda, na tangu hapo upande wa kaskazini wa kaunti ya Lamu, kuelekea Kiunga na mpaka wa Somalia, umekuwa na matatizo ya hapa na pale. Kuna vipindi ni shwari kabisa na watu wanaenda Kiwayu kama kawaida, kuna vipindi polisi wanasema mwisho Pate. Kwa hivo wiki moja kabla piga simu kwa nahodha umuulize hali, alafu ukifika Lamu mjini nenda kituo cha polisi au mwambie nahodha muende pamoja, mpeane majina, namba za simu na njia mtakayopita. Nahodha mzuri anafanya hivi bila kuambiwa. Akikwambia "aah hakuna haja" tafuta mwingine.

Usipite Kiwayu kwenda juu zaidi. Usisafiri usiku, magharibi ikiingia muwe mmetia nanga. Na mkishatoka Mkanda mtaona kreni kubwa za bandari mpya ya Lamu, ile ambayo gati yake ya kwanza ilifunguliwa Mei 2021, na upande huohuo kuna kambi za jeshi. Simu mfukoni, usipige picha upande ule hata kama meli ni nzuri namna gani, mtasimamishwa na safari itaharibika kwa ujinga.

Uwe na mpango wa pili kichwani. Kiwayu ikifungwa bado mnaweza kufanya siku tatu nne tamu sana: Manda Toto, Pate mji, Siyu, alafu mrudi mzungukie Matondoni mkaone mafundi wanavyounda majahazi. Hakuna aliyewahi kulia kwa safari hiyo.

Kuna na ada ya hifadhi. Kuanzia huko juu mnaingia hifadhi ya bahari ya Kiunga, iliyotangazwa 1979, iko chini ya KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Malipo yao ni ya mtandaoni, si keshi, kwa hivo lipia ukiwa bado Lamu ambako mtandao uko vizuri, na ubebe kitambulisho manake raia analipa kidogo kuliko mgeni.

Hatua ya 3: Tafuta nahodha, chombo baadae

Ukishuka tu gatini watakuja vijana kumi kila mmoja ni kepteni na ana jina la utani. Wengine ni mabaharia kweli, wengine ni madalali tu, wanachukua kamisheni yao na siku ya safari unakutana na mtu mwingine kabisa ambaye hajui hata mlikubaliana nini. Usigombane nao, wasalimie, sema "inshallah kesho tutaongea", endelea na njia.

Siku ya kwanza usilipe kitu. Chukua naye safari fupi ya jioni. Hapo utamjua mtu. Angalia anavyoongea na baharia wake, je anapiga makelele ovyo au neno moja na kazi inafanyika. Angalia wakati wa kupindua tanga, manake hapo ndipo ufundi unaonekana. Tanga la kwetu halipinduliwi kwa kuvuta kamba moja tu, chombo kinageuzwa kiupe upepo mgongo, foromali, ule mti unaobeba tanga, inasimamishwa wima karibu na mlingoti, baharia anachukua demani, ile kamba ya kuvutia pembe ya chini ya tanga, anakimbia nayo kwa mbele kuzunguka mlingoti mpaka upande wa pili, huku tanga lote linapigapiga kama linataka kupasuka, alafu ghafla linashika upepo na chombo kinalala. Mtu anayejua anafanya hivo kimya, abiria wameambiwa mapema wainamishe vichwa na wahamie goshini, upande upepo unakotoka. Asiyejua utasikia "shika! shika! si hiyo!" na kamba inakupiga shingoni.

Muulize hivi:
- Umepita Kiwayu mara ya mwisho lini, na huko unalala wapi
- Majaketi okozi ni mangapi, yatoe niyaone. Liwe moja kwa kila kichwa pamoja na mabaharia, na la mtoto liwe la mtoto
- Mashini iko? Ina nguvu gani, na petroli ya akiba mnabeba kiasi gani
- Tuko wangapi chomboni. Mashua ya mita nane tisa ni abiria sita wa kulala, wakizidi mtalala kama dagaa
- Nani anapika

Alafu nenda kakione chombo chenyewe mchana, kikiwa kimekaa juu ya mchanga maji yakipwa. Zunguka. Tazama kati ya mbao na mbao, kalafati, ile pamba ya kuzibia, ikae imejaa, isining'inie nyuzinyuzi za pamba. Panda ndani, omba wainue ubao wa chini uone ngama, pale maji yanapokusanyika. Chombo cha mbao lazima kiingize maji kidogo, ukiambiwa hakiingizi hata tone unadanganywa, lakini maji yawe ya kutoa na kikopo asubuhi na jioni, yasiwe ya mtu kukaa hapo anateka kutwa. Shika jarari, ile kamba ya kupandishia foromali, uipitishe mkononi mwote. Ikiwa imechakaa pale inapopita kwenye gofia, yaani kapi yake, sema ibadilishwe. Tanga lenye viraka si tatizo, viraka ni dalili mtu anatunza. Tanga lenye matundu yasiyo na viraka ndio tatizo.

Boti za abiria ziwe na cheti cha ukaguzi pia, uliza, wala usione haya. Aliye nacho atakuonyesha akitabasamu.

Hatua ya 4: Bei

Ongea bei ya chombo kwa siku, usiongee bei ya kichwa, alafu nyie wenyewe mgawane. Na kabla ya kutaja pesa taja vilivyomo: chakula, maji ya kunywa, petroli, magodoro na neti, miwani na mrija wa kuogelea, ada ya hifadhi, malipo ya mabaharia. Petroli ndio inaleta ugomvi. Mtu anakupa bei ndogo kwa maneno ya "tutaenda na tanga", kumbe ni kaskazi na tanga peke yake haliwafikishi kwa wakati, siku ya pili anaanza kudai pesa ya mafuta mko katikati ya maji, utafanya nini? Kwa hivo mkubaliane tangu mwanzo lita ngapi zimo ndani ya bei, yote yaandikwe, hata kwa meseji inatosha. Lipa nusu mkipanda, nusu mkirudi. Msimu wa Krismasi na mwaka mpya bei inapaa, pia wakati wa Maulidi mji unajaa na vyombo vizuri vinakuwa vimeshikwa mapema.

Rahisi sana ni ghali. Inatoka kwenye chakula au kwenye mafuta, na vyote viwili utavihitaji.

Hatua ya 5: Kufika Lamu

Ndege inatua Manda, unavuka na boti dakika chache. Basi linatoka Mombasa asubuhi, linapita Malindi, Garsen na Witu mpaka Mokowe, barabara siku hizi ni lami, kuna vizuizi vya polisi njiani kwa hivo kitambulisho kikae karibu. Mokowe unapanda boti kuvuka. Fika angalau siku mbili kabla ya kuondoka, moja ya kumtafuta nahodha na kumjaribu, moja ya soko.

Hatua ya 6: Soko na mizigo

Soko la Lamu liko pale karibu na ngome. Enda na mpishi wenu asubuhi, usiende peke yako, anajua nazi ipi imekomaa na nani anauza ndimu za haki. Mchele, unga wa chapati, nazi nyingi, vitunguu, nyanya mbichi mbichi zitakazoiva njiani, viazi, ndimu, tangawizi, chai, sukari, mayai, ndizi, maembe kama ni msimu. Nyama usibebe, haina pa kukaa. Samaki mtavua au mtanunua kwa wavuvi baharini, na ukifika Kizingitini na Kiwayu kuna kamba wakubwa wale wa mawe, bei yake ukisikia utakumbuka ulivyolipa hotelini Nairobi na utanyamaza.

Maji ya kunywa hesabu lita nne kwa mtu kwa siku, na mengine ya kupikia. Watu sita siku tano ni mitungi saba ya lita 20 hivi, pamoja na ya mabaharia inakuwa tisa au kumi. Hesabu mitungi wewe mwenyewe ikipakiwa. Visiwani huko maji matamu ni shida ya miaka yote, si vizuri kwenda kumuombaomba mtu maji yake ya birika.

Begi lako liwe laini, lisiwe sanduku la magurudumu. Ndani yake: shati la mikono mirefu, kofia yenye kamba ya kufunga kidevuni, losheni ya jua, miwani ya jua, kikoi au leso mbili (moja ya kujifunika moja ya kujifuta), shuka zito kidogo manake usiku umande unalowesha kila kitu, tochi ya kichwani, pawabenki, dawa ya mbu, viatu vya mpira vya kuingilia majini. Dera au suruali ndefu kwa ajili ya vijijini, Pate na Faza na Siyu ni miji ya dini, nguo ya kuogelea iishie majini na bichi tupu. Simu na nyaraka zitie kwenye mfuko usioingia maji. Keshi ya noti ndogo ndogo.

Dawa: tembe za malaria ulizoshauriwa na daktari, chumvi ya kuongezea maji mwilini, plasta, dawa ya kidonda, na za kichefuchefu. Siki chupa ndogo kwa ajili ya yavuyavu. Hospitali kubwa ni King Fahad Lamu mjini, na Faza ipo nyingine ndogo.

Hatua ya 7: Njia yenyewe, siku kwa siku

Nachukulia mmeondoka tarehe 3 au 4 ya mwezi, msimu wa kaskazi.

Siku ya kwanza. Saa kumi na mbili mko gatini, mizigo mizito inakaa chini katikati, magodoro juu. Saa moja mnaingia Mkanda na maji. Hapo hakuna upepo wa maana kwa sababu ya mikoko, mtatumia mashini au mti wa kusukumia, ni sawa, tulia uangalie ndege. Kaunti ya Lamu ndio ina mikoko mingi kuliko sehemu yoyote ya Kenya na hapa ndipo utaelewa. Mkitoka upande wa pili ghuba inafunguka, tanga linapanda, mnakata kuelekea Manda Toto, kile kisiwa kidogo nje ya Manda. Mtafika kabla ya mchana, na maji yatakuwa yanapwa mpaka kama saa saba, ndio wakati wa kuvaa miwani. Matumbawe yako karibu, samaki wa kila rangi. Usikanyage matumbawe, na ukitembea kwenye mchanga wa maji mafupi buruta miguu, usiinue, taa akisikia unakuja ataondoka mwenyewe, ukimkanyaga mgongoni atakuchoma. Ikitokea, loweka mguu kwenye maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua alafu tafuta hospitali. Mlale hapohapo.

Siku ya pili ndio ngumu. Amkeni alfajiri. Asubuhi mapema kaskazi inakuwa bado haijaamka vizuri na kuna upepo mwembamba kutoka bara, nahodha anautumia huo kusogea kadiri awezavyo kwenye mlango wa Pate. Ikifika saa nne upepo umejaa usoni na mnaanza kazi ya bisho, huku mpaka karibu na mikoko, pindua, kule mpaka karibu na Pate, pindua. Wengine hapa hulewa bahari. Ukijisikia vibaya usiingie chini kwenye kivuli, kaa nje tezi, huko nyuma karibu na nahodha, tazama nchi kavu ya mbali, tafuna tangawizi. Tembe inamezwa kabla, ukishaanza kutapika haina kazi tena.

Mchana mnafika Faza. Shukeni, wasalimieni wazee pale gatini, chukueni bodaboda mwende Siyu mkaone ngome. Ile ngome ni ya karne ya 19 na sifa yake ni kwamba watu wa Siyu walimgomea Sultani wa Zanzibar kwa miaka, si ngome ya mgeni. Mafundi wa ngozi bado wapo, kandambili za Siyu zinakaa miaka. Ukiwa mpenzi wa magofu, Shanga iko upande wa kusini wa kisiwa hichohicho, pale miaka ya 1980 mwanaakiolojia Mark Horton alichimba akakuta msikiti juu ya msikiti juu ya msikiti, ya chini kabisa ya miti, karne ya 8. Lakini Shanga na Siyu kwa mchana mmoja ni kukimbizana, chagua moja.

Siku ya tatu, Faza mpaka Kiwayu ni nusu siku tu. Mnapita Kizingitini, mnapita Ndau, baharia anarambaza mshipi nyuma, kolekole au nguru akishika chakula cha mchana kimepatikana. Kiwayu ni kisiwa chembamba kirefu, upande wa ndani mikoko na maji yaliyotulia, upande wa nje bahari kuu. Mnatia nanga ndani. Jioni vukeni kilima kwa miguu, juu pale unaona pande zote mbili kwa mara moja.

Mabaharia watapanga usiku huo chombo kielee au kikae. Kikikaa mchangani maji yakipwa wanaweka magadi pembeni, ile miti ya kukizuia kisilale. Uliza. Kama hakuna magadi, chombo kitalala saa sita usiku na wewe utateremka polepole mpaka kwa jirani yako.

Siku ya nne asubuhi yote ni ya kuogelea na kutembea. Visiwa vidogo vya mawe kwenye hifadhi hii ni kama 50 hivi, na kasa wanataga kwenye bichi za huku, ukiona alama za kasa mchangani usiku zima tochi na usisogee. Ndara utakazoziona zimeletwa na mawimbi, basi ule ufundi wa kutengeneza wanasesere kwa ndara kuukuu ulianzia kwa kina mama wa hukuhuku mwishoni mwa miaka ya 1990, ukiwakuta nunua kwao. Baada ya chakula, kaskazi ya mchana ikishika, ng'oeni nanga. Hii ndio safari uliyoilipia. Tanga limejaa, mashini imezimwa, hakuna sauti ila maji, kilomita zilizowachukua siku moja na nusu mnazila mchana mmoja. Laleni Mtangawanda upande wa magharibi wa Pate, kuna kina cha kutosha maji yakijaa au yakipwa.

Siku ya tano mwenye nguvu adamke achukue bodaboda mpaka Pate mji, ambako watu wanalima tumbaku katikati ya magofu ya Wanabahani, ukoo uliotawala Pate zamani, arudi kabla ya saa tatu. Saa nne mnaelekea Mkanda, saa tano mmepita, Lamu hiyo. Takwa, yale magofu ya kisiwa cha Manda, usiibanie siku hii. Mkono wa maji wa kuingilia Takwa unakauka maji yakipwa, mtakwama. Iwekee nusu siku yake peke yake, lile kaburi la nguzo la karne ya 17 linastahili.

Mambo madogo ya kuishi chomboni

Moto unawashwa ndani ya sanduku la mbao lililojazwa mchanga, jiko la makaa juu yake. Likae upande wa demani, yaani kule upepo unakokwenda, ili moshi na cheche ziende nje, na ukiona mpishi anapika samaki wa kupaka usimsogelee na maswali, kaa, utaitwa.

Choo: mashua ndogo haina. Wanaume wanajua la kufanya. Kwa wanawake mkubaliane mapema na nahodha, ndoo na leso ya kuzungushia nyuma, na chombo kishushe watu nchi kavu asubuhi na jioni. Nahodha mwenye adabu ataamuru mabaharia wote watazame omo, yaani mbele, bila wewe kusema neno. Kikundi cha wanawake peke yao wanaweza kuomba turubai lifungwe tezi kama chumba, dakika tano tu.

Mbu wako mikokoni, kwa hivo nanga itiwe mbali kidogo na mikoko, mahali upepo unapita. Neti zinafungwa kwenye foromali iliyoshushwa. Taka zote, hata kitako cha sigara, zinarudi Lamu kwenye gunia moja linalofungwa mlingotini.

Mtandao unakatika katika njiani, waambie nyumbani kabla msije mkatangazwa mmepotea.

Pombe muulize nahodha kwanza. Wengine hawataki kabisa chomboni mwao, na ni chombo chake.

Mkirudi

Malipo yaliyobaki yatolewe palepale gatini mbele ya wote. Bakshishi mpe kila mtu mkononi mwake, nahodha, baharia, mpishi, usimpe mmoja agawe. Ndege au basi usikate la siku hiyohiyo ya kurudi, upepo ukigoma mchana wa siku ya nne mtaukosa mfereji asubuhi yake, na mkiukosa mnasubiri maji ya usiku, yaani saa tano za usiku, na usiku tumeshasema hamsafiri. Kata la kesho yake jioni.